Nani aliizima Galaksi ya Pablo?

Septemba 2024 darubini ya anga ya James Webb ilituletea habari ya msiba wa kale. Galaksi yenye namba GS-10578, ambayo walioichunguza wameizoea kwa jina la utani la Galaksi ya Pablo, ilionekana jinsi ilivyokuwa wakati ulimwengu mzima una umri wa takriban miaka bilioni 2 tu. Tayari ilikuwa imekusanya uzito wa majua yapatayo bilioni 200. Sehemu kubwa ya nyota zake zilizaliwa ndani ya miaka bilioni moja, kisha uzazi ukakoma karibu kabisa. Katikati yake kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauponyoki, nalo linakula, na gesi inaihama galaksi hiyo kwa kasi ya kilomita 1,000 hivi kwa sekunde, kasi inayotosha kuiponyoka isirudi tena. Vichwa vya habari havikuhitaji zaidi ya hapo: shimo jeusi limeiua galaksi yake kwa njaa. Rafiki yangu mmoja alinitumia habari hiyo akiwa ameongeza maneno mawili ya kwake: "Muuaji kapatikana."

Mimi naona tumefungua kesi kwa shtaka lisilo lake. Kwamba mashimo meusi yana mkono katika kuzizima galaksi kubwa, hilo nalikubali, na nitaeleza kwa nini. Ninachokataa ni picha ya kuuawa, ya pigo moja lenye mwako mkubwa na mtuhumiwa aliyekutwa papo hapo. Kazi kubwa ya shimo jeusi ni ya subira. Ni kuizuia gesi ya nje isipoe, mwaka hadi mwaka kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na ushahidi wa kazi hiyo hauko kwenye mng'ao tunaouona leo. Uko kwenye uzito ambao shimo limeujumlisha tangu lilipozaliwa. Anayemtafuta mshika kisu atamkamata aliyekuwa akipita njia, na kumwacha mhusika ambaye siku hizi amekaa kimya.

Tuanze na nyota zenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi huteleza. Gesi peke yake haitoshi kuzaa nyota. Lazima iwe gesi baridi. Ukielekeza darubini ndogo kwenye upanga wa kundinyota la Jabari, utaona ukungu hafifu wa kijivu na ndani yake nyota nne zilizobanana. Hiyo ni Nebula ya Jabari, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi, na nyota zile nne ni changa kiasi kwamba mwanga wao bado unaitafuna gesi iliyozizaa. Nyuma ya ukungu ule unaong'aa limetanda wingu kubwa zaidi tusiloliona kwa macho, jeusi, lenye baridi ya takriban nyuzi 260 chini ya sifuri. Kule ndiko uzazi unakoendelea. Gesi iliyopata joto husukuma nje kwa nguvu ya joto lake na kukataa kujikunja. Ikipoa, msukumo unapungua, uzito wake wenyewe unaishinda, inaporomoka na kuwa nyota. Kwa hiyo galaksi inaweza kuzungukwa na bahari ya gesi na bado ikakaa tasa, ilimradi bahari hiyo ni ya moto. Galaksi yetu, Njia Nyeupe, hutengeneza nyota zenye jumla ya uzito wa majua mawili hivi kwa mwaka. Galaksi kubwa za umbo la yai, nyekundu kwa wingi wa nyota kongwe, hazitengenezi karibu chochote, na nyingi kati ya hizo zimezungukwa na gesi nyingi kuliko yetu.

Sasa shimo lenyewe. Lile la Njia Nyeupe, Sagittarius A*, liko upande wa kundinyota la Mshale na lina uzito wa majua milioni 4. Linasikika kubwa hadi uliweke mahali pake: lingeenea ndani ya njia ya sayari ya Utaridi na kubakiza nafasi, na mvutano wake unatawala miaka ya nuru michache tu katika galaksi yenye upana wa takriban miaka ya nuru 100,000. Kwa nguvu ya mvutano peke yake, nyota za pembezoni hazijui hata kama lipo. Ndiyo maana mwaka 2000, timu mbili zilipoonyesha kila moja kwa njia yake kwamba uzito wa shimo jeusi unakwenda sambamba na kasi ya nyota za kitovu kizima cha galaksi, yaani lile tufe nene la nyota lililo katikati yake, nyota ambazo shimo hilo haliwezi kuzivuta, watu walikaa wima. Kuna jambo la pili pia. Uzazi wa nyota katika ulimwengu mzima ulifikia kilele miaka bilioni 10 iliyopita, na tangu hapo umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Ulaji wa mashimo meusi nao ulipanda na kushuka kwa mkondo unaofanana mno na huo.

Vitu viwili vikitembea pamoja kiasi hicho, akili ya binadamu hutaka mmoja awe anamwongoza mwenzake. Na hapa lazima nikiri kwamba hesabu ya nishati inawapa nguvu wanaolishtaki shimo. Kitu kinapozama kuelekea shimo jeusi, kabla hakijapotea, sehemu kama ya kumi ya uzito wake hugeuka nishati na kutoka nje. Kinu cha nyuklia ndani ya Jua, kikigeuza haidrojeni kuwa heli, hakifikishi hata sehemu moja ya mia. Chukua shimo lenye sehemu moja ya elfu ya uzito wa kitovu cha galaksi, ambacho ni kiwango cha kawaida. Nishati lililoitoa wakati likikua inazidi ile inayohitajika kukisambaratisha kitovu chote, si mara mbili wala tatu, ni makumi ya mara, na kwa makadirio mengine zaidi ya mia. Mwaka 1998 Joseph Silk na Martin Rees walilijenga wazo hili kwa ufasaha: shimo hukua hadi upepo wake unapotosha kuifukuza gesi inayolilisha, na hapo linajifungia mlango lenyewe. Asilimia moja tu ya nishati hiyo ikiishika gesi ya galaksi, kazi imekwisha.

Ila kuweza si kutenda. Kuna kwasa iitwayo PDS 456, shimo jeusi linalokula kwa pupa hadi linang'aa kuliko galaksi yake yote. Mwaka 2025 darubini ya eksirei ya XRISM ilionyesha kwamba upepo wake hautoki kama pumzi moja pana. Unatoka kwa mabonge mabonge, angalau matano, yakikimbia kwa asilimia 20 hadi 30 ya kasi ya mwanga. Nishati ya mabonge hayo inaizidi kwa mbali mno ile ya upepo unaopimwa kwenye galaksi kwa ujumla. Kwa maneno mengine, ama upepo huu huvuma kwa vipindi vifupi tu, ama sehemu kubwa ya nguvu hupenya kwenye mianya ya gesi na kwenda zake bila kumgusa mtu. Risasi zikipita katikati ya matawi, mti haung'oki.

Kabla sijaendelea, niiondoe hoja moja dhaifu ambayo bado inazunguka sana, kwamba galaksi huzimika kwa sababu shimo jeusi limeinyonya gesi yote. Hili ni wazo la watu wanaodhani shimo jeusi ni bomba la kufyonza vumbi. Tazama uzito tena. Mashimo haya kwa kawaida hufikia sehemu moja hadi tano za elfu ya uzito wa kitovu kinachoyazunguka. Kama lingekuwa limekula gesi ambayo ingezaa nyota zote zilizokosekana, uzito huo ungeonekana ndani yake, na hauonekani. Ambacho shimo jeusi hufanya kwa gesi, likifanya, hukifanya kwa kutema.

Mahali pazuri pa kuliona likitema ni kwenye fundo la galaksi, yaani galaksi nyingi zilizoshikamana kwa mvutano, lililo upande wa kundinyota la Farisi, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 240. Katikati yake imekaa galaksi NGC 1275, imezungukwa na gesi ya makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo inang'aa kwa eksirei, na kila mng'ao ni joto linalopotea. Ingeachwa ipoe kwa mwendo huo, ingekuwa inamwagika kwenye galaksi ya katikati kwa kiwango cha mamia ya majua kila mwaka, na anga pale pangewaka nyota changa. Hapawaki kiasi hicho. Mwaka 2003 darubini ya Chandra ilionyesha sababu: mikondo ya chembe inayorushwa kutoka kando ya shimo jeusi imepuliza mapovu makubwa ndani ya gesi, na kutoka kwenye mapovu hayo yanasambaa mawimbi ya sauti, viwimbi kama vya bwawa lililotupiwa jiwe. Kati ya wimbi moja na linalofuata hupita karibu miaka milioni 10. Mwaka 2016 setilaiti ya Hitomi, ambayo haikudumu hata miezi miwili angani, iliwahi kuipima gesi hiyo na kuikuta imetulia kwa namna ya kushangaza, ikitikisika kwa kilomita 164 tu kwa sekunde. Hapo ndipo picha ya kuua inaponiponyoka kabisa. Hakuna kilichofukuzwa pale. Gesi bado ipo, imejaa tele, na imetulia. Shimo linaipasha kidogo kidogo, kiasi kile kile inachopoteza, kama mtu anayechochea makaa ili maji yasipoe na yasichemke.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuupita juu juu. Watu wawili wakiingia nyumbani wamelowa, hatusemi mmoja kamlowesha mwenzake. Tunauliza kama nje mvua inanyesha. Nyota hula gesi baridi. Shimo jeusi nalo hula gesi baridi. Galaksi mbili zinapogongana na gesi ikaporomoka katikati, wote wawili hushiba. Gesi inapoadimika katika ulimwengu, wote wawili hulala njaa. Kufanana kwa historia zao kunaweza kuwa ni mvua tu. Mwaka 2011 Knud Jahnke na Andrea Macciò walikwenda mbali zaidi. Walionyesha kwamba hata ukianza na galaksi na mashimo yasiyo na uhusiano wowote kwa uzito, kisha ukaziacha ziungane tena na tena kwa mabilioni ya miaka, wastani wenyewe utakuzalia ule uwiano maarufu. Hakuna upepo, hakuna mwako, ni hesabu ya kujumlisha tu. Makala hiyo ingepaswa kusomwa na kila anayeandika neno "uwiano" kisha akaruka hadi "sababu".

Hata hivyo mvua haielezi yote. Mwaka 2016 Bryan Terrazas na wenzake walichukua galaksi ambazo mashimo yao yamepimwa, wakalinganisha zenye uzito sawa wa nyota. Zile zilizozimika zilikuwa na mashimo mazito zaidi kuliko zile zinazoendelea kuzaa. Kama kila kitu ni suala la wote kunywea kisima kimoja, tofauti hii ni ngumu kueleweka, maana galaksi zenye nyota sawa zilikunywa sawa. Mfano wa upande mwingine uko jirani yetu. Galaksi M33, isiyofika miaka ya nuru milioni 3 kutoka hapa, imetafutwa shimo kubwa la kati na halikuonekana. Kama lipo, halizidi uzito wa majua elfu chache. Na M33 inazaa nyota bila wasiwasi: ndani yake kuna NGC 604, kiwanda cha nyota chenye upana wa zaidi ya miaka ya nuru elfu moja, ambacho Nebula ya Jabari mbele yake ni kibanda. Galaksi moja haithibitishi sheria, lakini inakaa vizuri pale ambapo hoja yangu ingeiweka.

Wapo wanaosema: mbona basi mashimo meusi yanayokula sana leo mengi yako ndani ya galaksi zenye uzazi mwingi? Kama yanazima nyota, tungeyakuta makaburini. Hoja hii ina mvuto na niliwahi kuiamini. Kasoro yake ni saa. Galaksi hubadili mwendo wa uzazi kwa kipimo cha miaka milioni 100. Shimo jeusi huwaka na kuzimika kama taa yenye waya mbovu. Awamu moja ya kung'aa inaweza kudumu miaka kama 100,000 hivi. Kumpiga picha mtu akipepesa jicho hakukuambii kama amelala usiku. Mwaka 2014 Ryan Hickox na wenzake walionyesha kwamba, kwa sababu ya kuwaka na kuzimika huko, uhusiano wa kweli kati ya ulaji na uzazi unaweza kufichika ukiangalia galaksi moja moja, ukajitokeza tu unapochukua wastani wa nyingi. Zaidi ya hapo, shimo linalong'aa leo linang'aa kwa sababu chakula kipo, na chakula kikiwepo nyota nazo zinazaliwa. Mwako ni ishara ya karamu. Athari huja baadaye, na kipimo chake ni jumla ya vyote lilivyowahi kula. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha shimo jeusi ni uzito wake.

Hata kutema kwenyewe si lazima kuzime. Katika galaksi kibete Henize 2-10, miaka ya nuru kama milioni 30 kutoka hapa, picha za Hubble zilizochapishwa mwaka 2022 zinaonyesha mkondo wa gesi kutoka kwenye shimo jeusi ukienda kugonga wingu zito, na palipogongwa nyota zinazaliwa. Upepo ule ule, galaksi tofauti, matokeo kinyume.

Kinachonisumbua zaidi, na ambacho kingestahili vichwa vya habari kuliko mauaji, ni kile James Webb inachokikuta mbali zaidi ya Pablo. Galaksi GN-z11, tunayoiona ulimwengu ukiwa na miaka kama milioni 430, inaonekana kuwa na shimo la uzito wa majua zaidi ya milioni moja. Galaksi nyingine za enzi zile zina mashimo ambayo, vipimo vikishikilia, yanafikia sehemu ya kumi ya uzito wa nyota zote zinazoyazunguka, au kupita. Vipimo hivyo vinategemea mbinu zilizosawazishwa kwa mashimo ya karibu, hivyo navichukulia kwa tahadhari. Lakini hata nusu yake ikiwa kweli, ule mwendo wa sambamba tuliouzoea haukuwepo mwanzoni. Shimo lilitangulia, nyota zikaja kulifikia baadaye. Na kama mashimo makubwa hivyo yalikuwepo mapema, yakizungukwa na galaksi ambazo bado zilikuwa zinazaa, basi ukubwa peke yake hautoshi kuzima. Kinahitajika kitu cha pili, na naamini ni mazingira: gesi ya nje lazima kwanza iwe ya moto na nyembamba kiasi kwamba kuipasha kunawezekana. Katika ulimwengu mchanga gesi baridi ilikuwa inaingia kwa mikondo minene, na kuizuia kwa upepo ilikuwa kama kuziba mto kwa kiganja.

Kuna watakaonijibu kwa uigaji wa kompyuta. EAGLE, IllustrisTNG na SIMBA zote zimejenga ulimwengu ndani ya mashine, zote zikaweka mashimo meusi yanayotema, na zote zikapata galaksi kubwa zilizozimika kwa idadi inayokaribia ile halisi. Nawaheshimu waliofanya kazi hiyo, ila tuseme ukweli: mashimo ya programu hizo hayakuwekwa kwa kanuni moja. Moja inapasha joto kwa njia hii, nyingine inasukuma kwa mikondo, nyingine inabadili tabia shimo likishafika uzito fulani, na vipimo vyao vilichaguliwa makusudi ili galaksi zitoke zinavyopaswa. Wanafunzi watatu wakipata jibu sahihi kwa njia tatu zisizopatana, baada ya kuoneshwa jibu, hujajua bado nani anajua hesabu. Wanachotuambia kwa pamoja ni kwamba bila shimo jeusi galaksi kubwa hukataa kuzimika. Hilo ni jambo kubwa. Namna gani linazima, bado.

Nirudi kwa Pablo, maana sikusudii kumkana. Gesi iliyoonekana ikikimbia ni baridi na nzito, haitoi mwanga wake. Webb iliitambua kwa kivuli, kwa jinsi ilivyoziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Na kiasi kinachotoka kinazidi kile ambacho galaksi ingehitaji ili iendelee kuzaa. Huo ni ushahidi wa kweli wa gesi kufukuzwa, mzuri kuliko tuliokuwa nao kwa zama zile. Ila kufukuza gesi ni kumwaga ndoo wakati bomba limefunguliwa. Galaksi yenye uzito ule iko ndani ya bonde refu la mvutano wake yenyewe, na gesi ya nje itaendelea kuiangukia kwa miaka bilioni kadhaa. Upepo tuliouona umeeleza kwa nini sakafu ni kavu leo. Haujaeleza kwa nini haitalowa kesho. Anayeandika "ameuawa" amejibu swali la pili kwa ushahidi wa la kwanza.

Kipo kitu kimoja kitakachonifanya niyafute haya yote: galaksi kubwa zilizokaa tasa kwa miaka bilioni kadhaa huku mashimo yao yakiwa madogo, yasiyolingana kabisa na utasa wao, tena si moja wala mbili. Zikipatikana, maelezo yangu ya kupasha joto hayana maana, na itabidi nimwombe radhi rafiki yangu. Lakini kupima shimo vizuri kunataka kufuatilia mwendo wa nyota zilizo jirani nalo kabisa, na hadi sasa hilo limewezekana kwa galaksi za karibu tu, idadi ambayo haizidi mia chache. Galaksi ya Pablo, kwa umbali ilioko, haimo.